Alama ya Shaba Katika Shimo la Jangwani

Kila asubuhi saa tatu mimi hutoka ofisini kwenda kutazama kipimo cha mvua kilicho nyuma ya ghala. Hata jua likiwaka mwezi mzima, huandika sufuri kitabuni. Wakulima wanaongojea mbolea hunicheka na kuniuliza, "Karani, leo umepima jua?" Nami zamani niliiona kazi hii kuwa ya bure. Mwaka mmoja niliacha siku nne bila kupima, nikazijaza kwa kukisia. Bwana Shamba alipolinganisha kitabu changu na cha shule iliyo karibu, niliona haya sana. Lakini aliyetaka kujua faida ya vitabu vya namna hii na asikie habari ya alama moja ndogo huko Marekani.

Liko jangwa liitwalo Death Valley, yaani Bonde la Mauti, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama inchi 2 tu. Mashariki ya bonde hilo, katika jimbo la Nevada, kuna ufa katika mwamba wa chokaa uitwao Devils Hole. Ndani yake mna maji ya moto kidogo, na wapiga mbizi wameshuka zaidi ya futi 400 wasione mwisho. Humo wanaishi samaki wenye urefu wa inchi moja hivi, ambao kwa asili hawapatikani mahali pengine popote duniani. Hula na kutaga mayai juu ya jabali bapa lililo karibu na uso wa maji. Jabali likikauka, hawana pa kuzalia. Mwaka 1952 Rais Truman aliliingiza shimo hilo katika hifadhi ya Death Valley, ambayo tangu 1994 ni hifadhi ya taifa.

Mwaka 1962 kipande kidogo cha shaba nyekundu, cha duara kama washa ya bolti, kilitiwa ukutani mwa shimo. Kazi ilikuwa moja: kupima tangu shaba ile hadi maji ni futi ngapi, na kuandika. Hadi mwaka 1968 jibu lilikuwa karibu lile lile, futi 1.2. Bila shaka palikuwapo watu waliowacheka wapimaji hao pia.

Mwaka 1968 jamaa ya Cappaert, wenye shamba la ekari 12,000, walianza kuvuta maji kwa pampu. Kisima kimoja kilikuwa maili mbili na nusu kutoka shimoni. Walilima lusani, ngano na shayiri, wakafuga ng'ombe zaidi ya 1,700 na kuajiri watu zaidi ya 80. Kitabu kikaanza kusema mengine. Mwaka 1969 maji yalikuwa futi 2.3 chini ya alama, mwaka 1970 futi 3.17, na mwaka 1972 futi 3.93. Sehemu ya jabali ikabaki nje ya maji.

Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilikuwa upande wa mkulima. Alikuwa na shamba lake, na jimbo lilimpa kibali cha maji. Samaki wa inchi moja ni nini mbele ya riziki ya watu 80? Lakini maji ya chini hayajui mpaka wa shamba. Leo yanapungua kwa samaki, kesho kwa jirani aliye na kisima kifupi kuliko chako.

Serikali ya Marekani ilishtaki mwaka 1971, na kesi ikafika Mahakama Kuu kabisa ya nchi. Mwaka 1976 majaji wote waliamua kwa kauli moja kwamba Serikali ilipotenga mahali pale mwaka 1952 ilitenga na maji ya kuwatosha samaki, na haki hiyo ilitangulia ya mkulima. Kilimo hakikupigwa marufuku. Pampu ziliwekewa kikomo tu, na kikomo chenyewe kilihesabiwa kutoka shaba ile ile: mwaka 1977 kilikuwa futi 2.7. Maji yakapanda tena, ingawa hayajarudi yalipokuwa kabla ya 1968. Mwaka 2013 samaki waliohesabiwa walikuwa 35 tu. Upimaji unaendelea hata leo.

Mwenye kisima hapa kwetu hahitaji shaba. Chora alama ya rangi ukingoni mwa kisima, ufunge jiwe kwenye kamba isiyonyooka ikivutwa, na upime tangu alama hiyo hadi maji. Pima asubuhi kabla mtu hajateka, maana kisima kilichotekwa huonyesha maji chini kuliko yalivyo. Mara moja kwa juma inatosha. Andika tarehe, kipimo, na kama pampu ya jirani inafanya kazi. Ukikosa siku, acha nafasi tupu. Usiijaze kwa kukisia.