Kupokelewa Si Kukamilika

Mnunuzi anayelipa mtandaoni kwa M-Pesa huletewa ujumbe kwenye simu ukimtaka namba ya siri. Kufikia hapo seva ya duka imeshajibiwa, ila haijaambiwa kwamba fedha zimelipwa. Imeambiwa ombi limepokelewa, basi. Matokeo huja baadaye kwa ujumbe mwingine, kwa kuwa kinachongojwa ni kidole cha binadamu, na binadamu huenda anatafuta miwani. Seva ikimsubiri, itashikilia nafasi ambayo wateja wengine wanaihitaji. Ndiyo maana kazi za namna hii huandikwa kwenye foleni, mteja akajibiwa papo hapo, na programu nyingine ikazitekeleza nyuma ya pazia.

Wapo wanaoona huo ni mzunguko wa bure: ongeza seva, yaishe. Lakini seva mpya haimharakishi mwenye simu. Isitoshe, maombi hayaji kwa mpangilio. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alilipigia hesabu hilo kwa upande wa simu katika makala yake ya 1909, na fani iliyozaliwa hapo inatupa hesabu ya kutisha. Kwa mhudumu mmoja, kazi zikija na kuchukua muda bila mpangilio, akishughulika nusu ya wakati, kila kazi hukaa kwa wastani mara 2 ya muda wa kuihudumia. Akifikia asilimia 90, mara 10. Asilimia 99, mara 100. Kwa hiyo foleni humeza wimbi la ghafla, lakini haiongezi nguvu. Kazi zikiingia daima kwa kasi kuliko zinavyotoka, foleni isiyo na kikomo huficha tu kwamba mfumo umeshazidiwa.

Gharama nyingine haionekani kirahisi. Programu ikishamtoza mteja kisha ikazimika kabla ya kutoa taarifa, foleni haiwezi kujua kama ilizimika kabla ya kutoza au baada yake. Ikiirudisha kazi, mteja anaweza kutozwa mara mbili. Isipoirudisha, malipo yanaweza kupotea. Mimi ningeirudisha, mradi kila kazi iwe na namba yake, na anayepokea malipo akatae namba aliyokwisha kuitoza. Ujumbe wa matangazo, huo ukipotea na upotee.