Karafuu, Kiroba na Jua la Jeddah

Tarehe 22 Juni 2010 joto la Jeddah lilipanda hadi nyuzi 52 za Selsiasi. Siku kama hiyo, chuma cha kontena katika Bandari ya Kiislamu ya Jeddah hakishikiki kwa mkono mtupu. Lakini jua likishatua chuma hupoa kikabaki kilivyokuwa. Vinavyoumia ni vile visivyolalamika: kamba za nailoni, matairi ya mashine za kubebea mizigo, viroba vya plastiki ya polipropilini.

Kiroba kisicho na kinga kikiachwa juani miezi michache, kifikiche kwa vidole. Nyuzi zake hukatika na kuacha vumbi jeupe mkononi, kama unga.

Kinachokila ni oksijeni, hewa hiihii tunayovuta. Plastiki, mpira na mafuta ya kula vyote vimeundwa kwa minyororo ya kaboni iliyoshikana na haidrojeni. Joto au mwanga ukiing'oa atomu moja ya haidrojeni, pale ilipotoka hubaki elektroni isiyo na mwenzake. Molekuli ya namna hiyo huitwa radikali huru. Haitulii: hudaka oksijeni, kisha hupora haidrojeni ya jirani. Jirani aliyeporwa naye huwa radikali, akamrukia wa pili, na wa pili wa tatu. Njiani minyororo hukatika vipandevipande. Katika mafuta ya kupikia, mchezo huohuo ndio unaoleta ile harufu mbaya ya mafuta yaliyokaa sana.

Antioksidanti, yaani kemikali ya kinga, huingia kati na kujitolea. Hutoa haidrojeni yake upesi, radikali ikashiba na kutulia. Yenyewe hubaki na upungufu, ila umbo lake huusambaza upungufu huo kwenye pete ya kaboni, kwa hiyo haina haja ya kumpora mwingine. Uporaji hukomea hapo.

Mfano wa karibu unaelea kwenye birika. Kahawa ya Kisaudi hupikwa kwa iliki, na wengi huongeza karafuu, zao ambalo Pemba hulianika juani kwenye majamvi. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, na eujenoli ni fenoli, yaani ina pete ya kaboni yenye haidrojeni iliyo tayari kutoka. BHT, kinga maarufu ya viwandani, nayo ni fenoli. Ufuta nao una sesamoli, moja ya sababu za mafuta yake kukawia kuharibika.

Kaskazini mwa Jeddah, kwenye pwani hiyohiyo ya Bahari ya Shamu, kiko kiwanda cha Petro Rabigh, ubia wa Saudi Aramco na Sumitomo Chemical ya Japani ulioanzishwa 2005. Miongoni mwa bidhaa zake ni polipropilini. Kwa kawaida plastiki hii huchanganywa na kinga mapema, kabla haijakatwa punje, kwa sababu huyeyushwa kwa zaidi ya nyuzi 160, na joto hilo peke yake lingeanza kuila. Mara nyingi gramu moja au mbili kwa kilo hutosha. Matairi huongezwa pia masizi, ambayo hunyonya mwanga mkali wa jua na kuyapa weusi wake.

Hata hivyo, kila molekuli ya fenoli iliyokwisha kutoa haidrojeni imetumika, na akiba hupungua siku hadi siku. Ndiyo maana mikanda ya nyuzi ya kunyanyulia mizigo hukaguliwa kabla ya kazi: ikipauka, ikawa ngumu na kuchanika nyuzi, huondolewa kabla mtu hajasimama karibu na mzigo wake.