"Ku wa gatatu" si Jumatatu: kuchanganya lugha hapa Rusizi

Ukipita soko la Kamembe asubuhi utasikia mama mmoja akisalimia kwa Kinyarwanda, akiuliza bei kwa Kiswahili cha Bukavu, akihesabu pesa kwa Kifaransa, halafu akiaga: "Aksanti, murakoze!" Hakuna anayeshangaa. Kati yetu na Bukavu kuna mto Rusizi tu, na watu wamekuwa wakivuka huku na huko kwa biashara, kwa ndoa na kwa kukimbia vita. Waliotoka Burundi nao Kirundi chao kinaelewana na Kinyarwanda.

Kwa hiyo mtu akikucheka kwamba unachanganya, usione haya. Unachagua neno ambalo mwenzako atalielewa haraka. Kiswahili chenyewe ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, ingawa ofisini bado utajibiwa mara nyingi kwa Kinyarwanda.

Tatizo liko kwenye maneno yanayofanana lakini hayana maana moja, na yanayoumiza watu zaidi ni siku za wiki. Kinyarwanda na Kirundi huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya kazi: "ku wa mbere" ni Jumatatu, "ku wa kabiri" ni Jumanne, "ku wa gatatu" ni Jumatano. Mkongomani anayesema siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu anahesabu vilevile. Lakini Kiswahili cha redio na cha matangazo ya kuandikwa huanza hesabu Jumamosi. Muuguzi akikwambia "ku wa gatatu" nawe ukashika ile "tatu" ukaenda Jumatatu, utarudishwa nyumbani. Hiyo ni nafuu. Kinyume chake ndicho kibaya: tangazo linasema mgao ni Jumatatu, wewe unafika siku ya tatu, na mgao umekwisha. Angalia pia "ku wa kane", ambayo ni Alhamisi, si Jumanne, na "ku wa gatanu", ambayo ni Ijumaa, si Jumatano.

Neno "ejo" nalo lina mtego wake. Kwa Kinyarwanda ni jana na pia ni kesho. Wenyewe huongeza "ejo hashize" kwa jana na "ejo hazaza" kwa kesho, lakini katika mazungumzo ya haraka huachwa hivyohivyo. Uliza: iliyopita au ijayo?

Saa ni rahisi kidogo, kwa sababu Kinyarwanda kimeazima saa za Kiswahili: "saa tatu" ni saa tatu, "saa cyenda" ni saa tisa. Anayepotea ni yule anayeambiwa "neuf heures" kwa Kifaransa akaigeuza kuwa saa tisa. Hapo ni saa tatu asubuhi. Atafika mchana, daktari ameshaondoka.

Kwenye kituo cha afya kuna neno jingine la kuchunga: "kuruka". Kwa Kiswahili mtoto anayeruka anacheza. Kwa Kinyarwanda anatapika. Ukisema mtoto "anaruka sana" ukimaanisha ana nguvu, unaweza kuulizwa ameanza kutapika lini.

Fanya hivi: ukipewa siku ya kurudi, usitoke mpaka uambiwe tarehe, yaani namba, na uiombe iandikwe kwenye karatasi au kwenye daftari lako la matibabu. Kisha irudie kwa sauti mbele ya aliyekupa. Ukipewa dawa, onyesha kwa vidole ni mara ngapi kwa siku.

Watoto wetu hushika Kinyarwanda haraka kutuliko, na wengi tunawachukua watutafsirie. Sokoni sawa. Lakini usimbebeshe mtoto wa miaka kumi habari za ujauzito wa mama yake, za ukatili wa nyumbani au za yaliyowapata njiani. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba unahitaji mtu mzima wa kutafsiri. Ukiwa mwanamke na unataka mwanamke mwenzako, sema hivyo kabla ya kuanza kueleza.