Je, Wajua? Siri za Vidonge vya Vitamini

Ini lisiloliwa
Wainuiti wa Aktiki hula nyama ya dubu mweupe, lakini ini lake hawaligusi! Limejaa vitamini A kiasi cha kumtapisha mlaji na kumbabua ngozi. Vitamini hii haitoki kirahisi na mkojo, huwekwa akiba mwilini. Ndiyo maana matone ya vitamini A ya kliniki humtosha mtoto kwa miezi 6, na ndiyo maana kuzidisha ni hatari.

Machungwa 250 kwa siku
Linus Pauling, mtu pekee aliyepata Tuzo mbili za Nobel bila kugawana na yeyote, alikuwa akimeza gramu 18 za vitamini C kila siku, sawa na machungwa 250 hivi. Mwanamume mzima huhitaji miligramu 90 tu. Ukipita miligramu 2,000, jiandae kuharisha.

Pemba iliushtua ulimwengu
Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha watoto 24,076 wa Pemba, kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi. Waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi, hivyo vidonge hivyo vikasitishwa. Lakini waliokuwa na upungufu wa chuma walionekana kunufaika: pima kwanza, ndipo umpe mtoto.

Chai hupora chuma
Ukinywa chai pamoja na vidonge vya kuongeza damu, chai hukamata chuma tumboni kabla mwili haujakifyonza. Chungwa hufanya kinyume chake: husaidia kukifyonza. Chai na ingoje saa 1 hadi 2.

Kalisi huizuia ARV
Dolutegraviri, dawa inayotumiwa na wengi wanaoishi na VVU, hunaswa na kalisi au chuma vikikutana kwenye tumbo tupu. Vimezwe pamoja na chakula, au dawa itangulie kwa saa 2.

Kidonge cha kucha, kipimo cha moyo
Biotini, iliyomo katika vidonge vingi vya nywele na kucha, huweza kuvuruga majibu ya maabara. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitahadharisha kwamba yaweza kuficha dalili ya shambulio la moyo katika kipimo cha troponini. Kabla hujatolewa damu, mtajie mhudumu kila unachomeza, hata kile cha urembo.