Kutoka Makutano Hadi Makutano: Kuzipima Timu za Vyuo Vyetu (Sehemu ya Pili)

Anayesafiri kutoka Meru kwenda Nairobi kwa njia ya Embu huondoka Makutano na kufika Makutano. Makutano ya kwanza ni huu mtaa wetu wa biashara ulio juu ya mji wa Meru. Makutano ya pili yako mbele ya Embu, ukishapita mashamba ya mpunga ya Mwea, pale barabara yetu inapoungana na ile itokayo Nyeri na Sagana. Katikati kuna zaidi ya kilomita 150, na mito ya Mutonga, Nithi na Thuci inayoshuka kutoka Mlima Kenya. Katika ukanda huo vimo vyuo vikuu ambavyo timu zake za mpira wa vikapu hupita njia hiyo hiyo kila zinapoitwa kucheza mbali na nyumbani.

Wiki jana tulieleza sheria: robo nne za dakika kumi kumi, wachezaji kumi na wawili kwa kila timu, faulo tano kisha mchezaji anatoka. Leo tunazigeukia timu zenyewe kabla ya michezo ya vyuo vikuu, ile inayosimamiwa na Shirikisho la Michezo ya Vyuo Vikuu Kenya, KUSF. Wasomaji kadhaa wameniomba orodha ya nyota wa kila chuo. Sitaitoa. Timu ya chuo haifanani na klabu inayomweka mshambuliaji wake miaka kumi. Mchezaji wa chuo anakaa miaka minne, mitano akiwa wa uhandisi, na katika hiyo miaka kuna mihula mizima asiyoonekana uwanjani. Jina unaloshangilia mwezi huu huenda likawa darasani Kitui au wodini Chogoria mechi ya pili ikichezwa. Kwa hiyo mimi huipima timu ya chuo kwa kalenda ya masomo na kwa uwanja inaofanyia mazoezi. Ukivijua viwili hivyo, mengi ya yatakayotokea uwanjani umekwisha kuyajua.

Tuanze na kalenda. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huripoti kati ya Agosti na Septemba. Wengi waliocheza vikapu sekondari walicheza muhula wa kwanza, ndio muhula ambao shule zetu zimezoea kufanya mashindano ya mchezo huu. Baada ya hapo ni mtihani wa kitaifa, kisha miezi ya kungoja nyumbani. Mtu huyu anapofika chuoni amekaa zaidi ya mwaka bila kocha. Mwili umenenepa au umekonda, na kipaji kiko palepale lakini pumzi imekwisha. Kocha anayemtegemea kijana wa aina hiyo muhula wa kwanza hujipatia hasara. Yule anayemvumilia mpaka muhula wa pili huwa na mchezaji mwingine kabisa. Timu yenye komredi watano wa mwaka wa pili, waliokwisha kula chakula cha messi pamoja mwaka mzima, naiogopa kuliko timu yenye nyota wawili walioletwa jana.

Mwaka wa tatu ndio unaovunja timu. Wa ualimu wanakwenda mafunzo ya kufundisha mashuleni, wa uuguzi wana zamu za hospitali, na wa uhandisi na biashara wanatawanyika kwenye mafunzo ya kazini. Hakuna kosa la mtu hapo, kwani masomo ndiyo yaliyowaleta. Lakini ukitaka kujua timu itakayokuwa nzima siku ya mashindano, uliza kwanza wachezaji wake wanasomea nini.

Kwa kipimo hicho, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilicho Nchiru kwenye barabara ya Maua, kina faida kidogo upande wa wanaume. Kilipata hati mwaka 2013, na jina lake linatangaza kozi zake: sayansi, kompyuta, uhandisi. Kozi za namna hiyo kwetu bado zina wavulana wengi, na wale wa uhandisi wanabaki mwaka mmoja zaidi ya wenzao. Kocha akipata senta mrefu wa uhandisi akiwa mwaka wa kwanza, ana muda wa kumfinyanga. Timu ya wasichana ndiyo inayohitaji kazi zaidi, kwa sababu kisima cha kuchota ni kidogo.

Kaaga, karibu na Makutano yetu, kipo Chuo Kikuu cha Kimethodisti, KeMU. Chuo hiki kilianzishwa na Kanisa la Methodist mwaka 1997 na kupewa hati mwaka 2006. Ni chuo cha binafsi, na wanafunzi wanaolipa karo kamili hawawezi kuwa wengi kama wa vyuo vya umma. Udhaifu wa timu ya chuo cha namna hii huwa ni benchi. Watano wa kwanza wanaweza kumtoa mtu yeyote jasho katika robo mbili. Robo ya tatu mmoja anapata faulo ya nne, kocha anageuka nyuma kutafuta wa kumwingiza, na hapo ndipo mechi inapohama mkono. Anayekwenda kuitazama KeMU asizihesabu pointi za mapumziko. Ahesabu ni wachezaji wangapi walioloa jasho.

Chuka ni habari nyingine. Kilianza kama kampasi ya Egerton, kikapata hati mwaka 2013, na wanafunzi wake ni wengi kuliko mji wenyewe ulivyokuwa ukitarajia. Wingi una baraka yake. Katika wanafunzi maelfu, vijana kumi na wawili warefu wenye mikono mizuri hawakosekani. Ila ualimu una nguvu sana pale, na nimekwisha kueleza ualimu hufanya nini mwaka wa tatu ukifika. Kocha wa chuo kikubwa cha ualimu analazimika kujenga timu mbili kwa wakati mmoja, moja ya muhula huu na nyingine ya muhula ujao.

Embu, chuo kikuu kilichopata hati mwaka 2016 baada ya kuwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kina kilimo, uuguzi na ualimu. Kiko mji mmoja na Kangaru, shule ambayo imelea vijana wengi wa eneo hili, na ujirani wa sekondari kubwa ni mali: mnapata wa kucheza nao Jumamosi bila kulipa nauli. Kirinyaga, upande wa Kutus, nacho kina hati ya mwaka 2016, na kwa kipimo cha kalenda hakitofautiani sana na Embu.

Sasa uwanja, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo ugomvi wangu wa miaka mingi ulipo. Vijana wa huku hukulia kwenye viwanja vya saruji vilivyo wazi, kuanzia shule ya msingi hadi sekondari na mara nyingi hata chuoni. Saruji inafundisha mambo yake. Inafundisha kutojirusha chini. Mtoto aliyechubuka magoti mara mbili akiufuata mpira unaoviringika hujifunza kuuacha uende, na tabia hiyo anakuwa nayo ukubwani bila kujua. Upepo wa alasiri unafundisha kutotupa kutoka mbali, kwa sababu mtupo wa mita 6.75 ulionyooka unaweza kusukumwa pembeni. Basi mchezaji wetu anajifunza kuingia ndani, kupenya kwa nguvu, kumalizia chini ya ringi. Akienda Nairobi kwenye ukumbi kama ule wa Nyayo, sakafu laini, hewa tulivu, anakutana na wapinzani wanaojirusha bila hofu kwa kila mpira uliolegea na wanaotupa kutoka mbali kama wanaosambaza barua. Watu husema vijana wa mlimani hawana akili ya mchezo. Wanacheza kama saruji ilivyowafunza.

Kuna mvua pia. Huku upande wa mashariki wa Mlima Kenya, mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ndizo nzito zaidi. Ni wakati uleule ambao timu mpya ya mwaka wa masomo inapaswa kujengwa. Saruji ikilowa hakuna mazoezi, kwa sababu kifundo cha mguu kikiteguka kinachukua wiki nyingi kupona. Halafu kuna giza. Mstari wa ikweta unapita kati ya Meru na Nkubu, na jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Masomo yakiisha saa kumi, timu isiyo na taa ina saa mbili na nusu tu, na hapo bado hujatoa muda wa kubadili nguo na kungoja waliochelewa maabara. Chuo kikiniambia kina fedha kidogo za michezo, mimi husema nunueni taa kabla ya jezi.

Saa ya sekunde 24 nayo ni ya kuzoewa. Kwenye mazoezi yetu mara nyingi hakuna saa inayoonekana. Mchezaji anadunda mpira, anatafakari, anapiga pasi, anarudishiwa. Siku ya mechi kubwa tarakimu nyekundu zinateremka mbele ya macho yake, naye anatupa zikiwa zimebaki kumi, kwa hofu tu. Kocha mwenye simu na filimbi anaweza kuifundisha saa hiyo bila kununua chochote, na timu iliyofundishwa hivyo utaitambua mapema: haina haraka sekunde ya kumi na mbili.

Timu zetu zikipanda kwenye michuano ya kitaifa, zinawakuta wakubwa wa Nairobi. Strathmore wana Blades na USIU wana Tigers, timu za vyuo zinazocheza pia Ligi Kuu ya Shirikisho la Mpira wa Vikapu Kenya. Zetech wana Sparks kwa wasichana, na chuo hicho kinajulikana kwa kuwafadhili masomo wanaocheza vizuri. Kijana wa Strathmore anapokutana na Chuka amekwisha kusukumana na wanajeshi wa Ulinzi Warriors na wanaume wa Bandari ya Mombasa, KPA, watu wazima wenye mabega. Anachotuzidi ni zile mechi za wikendi. Dawa yake naiona iko karibu: vyuo vya ukanda huu vichezeane kila wikendi ya pili, Nchiru na Kaaga, Chuka na Embu, hata kama hakuna kombe, badala ya kungoja kukutana siku ya mashindano.

Kuna jambo moja ambalo hata Marekani, penye mashindano makubwa kuliko yote ya vyuo, wachambuzi hulikosea: kumpima mtu mmoja mrefu na kudhani wameipima timu. Mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa sentimita 221, alikuwa senta wa Chuo Kikuu cha Connecticut. Alikuwa amechaguliwa mlinzi bora wa kanda yao ya Big East miaka miwili mfululizo. Mechi ya kwanza ya mashindano yale Connecticut waliwafunga Chattanooga 103 kwa 47, na Waswahili tuliokuwa tukifuatilia huku tulianza kuhesabu taji. Wachache walikumbuka kwamba Jerome Dyson, mmoja wa walinzi wao wakuu, alikuwa ameumia goti Februari na hakucheza tena. Benchi lilikuwa limefupika. Katika nusu fainali mjini Detroit, mbele ya watazamaji zaidi ya 70,000, Michigan State waliingiza mtu baada ya mtu, wakakimbia kabla mlinzi mrefu hajafika kwenye ringi, wakashinda 82 kwa 73. Walikuja kufungwa na North Carolina katika fainali, lakini walikuwa wamekwisha kuonyesha jinsi ya kulikwepa jitu: unalikimbiza.

Timu zetu nyingi hazina jitu. Kwa hiyo mbio na benchi ndizo silaha tulizo nazo, nazo hazihitaji ukumbi wa kisasa. Zinahitaji wachezaji tisa au kumi wanaoaminiwa na kocha wao. Nimeona chuo kimoja cha huku, ambacho sitakitaja, kikipanda basi alfajiri siku yenyewe ya mechi, kikafika saa moja kabla ya kuanza, na watano walewale wakachezeshwa dakika zote arobaini. Robo ya kwanza walikuwa bado na basi miguuni, na robo ya nne miguu yenyewe haikuwepo. Walipoteza mitupo huru mingi kuliko tofauti ya pointi walizofungwa. Mtupo huru ndio mtupo pekee usiozuiwa na mtu, na anayeukosa mara nyingi ni yule aliyechoka.

Nikilazimishwa kutabiri, kwa wanaume naipa Chuka nafasi ya kwanza katika ukanda wetu ikiwa watu wake wa mwaka wa tatu wako chuoni, na Nchiru nafasi hiyo wakiwa hawapo. KeMU inaweza kumwangusha yeyote katika mechi moja, lakini mechi tatu kwa siku mbili ni mzigo kwa benchi lake. Kwa wasichana nafasi iko wazi zaidi, na naiangalia Embu, kwa sababu uuguzi na ualimu huleta wasichana wengi chuoni. Mbele ya Nairobi bado tuko nyuma, wanaume na wanawake.

Mkienda uwanjani, fikeni mapema muuone mpira wa kwanza utakaomponyoka mtu na kuviringika kuelekea mstari. Angalieni nani anausindikiza kwa macho, na nani anajirusha.

Wiki ijayo: timu za Nairobi, moja baada ya nyingine.