Sura ya 6: Hali ya Kazi Ndani ya Ramani

Mtaa wa Thongpiny umepakana na uwanja wa ndege wa Juba, Sudan Kusini, ambako jengo jipya la abiria lilifunguliwa Oktoba 2018 baada ya miaka mingi ya ujenzi kusimama na kuanza tena. Juu ya Mto Nile, Daraja la Uhuru lilianza kujengwa 2013. Vita vya Desemba mwaka huo, mapigano ya Julai 2016, kisha Uviko-19, vyote vilisimamisha kazi. Daraja likafunguliwa Mei 2022. Katika mji wa namna hii, anayerudi saiti mara nyingi siye aliyeondoka, na swali lake la kwanza ni moja: kipi kimekwisha, na kiko wapi?

Chati ya mistari, ile yenye jina la Mmarekani Henry Gantt, itamjibu kuhusu tarehe tu. Asilimia ya kazi iliyokwisha ndiyo hatari zaidi, kwa maoni yangu. "Tumefika 70" yaweza kuwa ghorofa lililopauliwa lisilo na bomba hata moja la maji. Mahali panaonekana kwenye ramani ya jengo, kwa hiyo hali ya kazi iwekwe humo humo.

Katika programu ya kuchora ya AutoCAD, kila hali hupewa tabaka na rangi yake. Revit hurahisisha zaidi, kwa kuwa programu hiyo inaitambua kila nguzo na kila mlango. Unaongeza kipengele kimoja cha taarifa, ukiite "hali", kisha kichujio hupaka rangi chenyewe: kijivu haijaanza, njano inaendelea, nyekundu imesimama, kijani imekaguliwa. Penye nyekundu andika sababu: saruji haijavuka mpaka wa Nimule, au mvua imekata njia.

Kijani kilindwe kwa ukali. Nguzo iliyomiminwa zege jana ni ya njano, hata kama mkandarasi amekwisha kuiombea malipo, mpaka sampuli za zege zifaulu kipimo cha siku ya 28. Ukilegeza hapo, ramani nzima inageuka pambo la kikao.

Chapisha nakala kila wiki, uitie tarehe, uibandike saiti, maana jenereta ikizimika kompyuta haimsaidii fundi. Nakala za zamani usizitupe: mkandarasi akidai fidia ya kucheleweshwa, ndizo zitakazoonyesha jengo lilikuwa limefika wapi siku kazi iliposimama.