Kwa Nini Dawa Moja Haitoshi: Tiba ya Mchanganyiko kwa Saratani ya Ovari

Ovari ni viungo viwili vidogo vilivyomo nyongani mwa mwanamke, kimoja kila upande wa mji wa mimba, navyo ndivyo vitoavyo mayai ya uzazi. Saratani ya viungo hivi huanza kimyakimya. Tumbo hujaa au huvimba, hamu ya chakula hupungua, na haja ndogo huja mara kwa mara. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za maradhi madogo ya tumbo, wagonjwa wengi hufika hospitali wakati seli za saratani zimekwisha kutapakaa juu ya utando wa tumbo. Mpasuaji huondoa uvimbe auonao; seli zisizoonekana huachiwa dawa. Kwa kawaida dawa hizo huwa zaidi ya moja. Sababu yake ni nini?

Hesabu ya seli

Uvimbe wa gramu 1 hukadiriwa kuwa na seli zipatazo 1,000,000,000. Seli zinapogawanyika hufanya makosa katika kunakili DNA, yaani kemikali ibebayo maagizo ya urithi. Kosa moja laweza kuipa seli uwezo wa kuhimili dawa.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba seli 1 katika kila 1,000,000 huhimili dawa A. Katika uvimbe huo zitakuwamo seli 1,000 za namna hiyo. Dawa A ikitumiwa peke yake, uvimbe utanywea na mgonjwa atapata nafuu. Lakini zile seli 1,000 zitabaki na kuzaana, na ugonjwa utarudi ukiwa sugu. Sasa iongezwe dawa B, ambayo nayo huhimiliwa na seli 1 katika 1,000,000, kwa njia isiyohusiana na ile ya kwanza. Seli iwezayo kuhimili dawa zote mbili itakuwa 1 tu katika 1,000,000,000,000. Huenda isiwemo hata moja katika uvimbe huo.

Kanuni hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Kifua kikuu nacho hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja, na majaribio yaliyofanywa katika eneo hili miaka ya 1970 yalisaidia kuthibitisha kwamba mchanganyiko ufaao huweza kukiponya kwa miezi 6.

Dawa mbili, njia mbili

Dawa ya kwanza iligunduliwa kwa bahati. Mwaka wa 1965 Barnett Rosenberg na wenzake, katika jimbo la Michigan, Marekani, walipitisha umeme katika maji yenye bakteria. Bakteria hao wakarefuka kama nyuzi bila kugawanyika. Ikadhihirika kwamba kilichowazuia si umeme, bali kemikali zilizotokana na vipande vya platini vilivyotumika kuupitisha. Moja ya kemikali hizo, sisplatini, iliidhinishwa kuwa dawa nchini humo mwaka wa 1978. Hujishikiza kwenye DNA, seli ikashindwa kuinakili na hatimaye ikafa. Kaboplatini, iliyo jamii moja nayo, hufanya kazi hiyo hiyo lakini huyadhuru mafigo kwa kiasi kidogo zaidi.

Dawa ya pili, paklitakseli, ilitolewa katika gome la mti uitwao Taxus brevifolia, umeao magharibi ya Amerika Kaskazini. Seli inapogawanyika hujenga nyuzi za kuvutia kromosomu pande mbili, kisha huzibomoa. Mwaka wa 1979 Susan Horwitz na wenzake walieleza kwamba paklitakseli huzikaza nyuzi hizo zisibomoke, na mgawanyiko ukakwama.

Madhara yake pia hutofautiana. Kaboplatini hupunguza zaidi chembe zinazogandisha damu. Paklitakseli hutia ganzi vidoleni na kupukutisha nywele. Lau madhara yote yangeangukia kiungo kimoja, daktari angelazimika kupunguza sana vipimo.

Mafanikio na mipaka

Mwaka wa 1996 yalitangazwa Marekani matokeo ya jaribio kwa wanawake ambao ugonjwa wao ulikuwa umeenea. Waliopewa sisplatini pamoja na dawa ya zamani, siklofosfamidi, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 24. Waliopewa sisplatini na paklitakseli, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 38. Baadaye kaboplatini ilichukua nafasi ya sisplatini, na dawa hizo mbili hutolewa kwa kawaida kila baada ya majuma 3, mara 6.

Hata hivyo, kwa wagonjwa wengi ugonjwa hurudi. Hesabu iliyotolewa hapo juu hudai kwamba njia za usugu zisihusiane, lakini seli nyingine zina pampu ziwezazo kutoa nje dawa za aina mbalimbali. Tena, uvimbe unapokuwa mkubwa, seli sugu huwa nyingi zaidi tangu mwanzo.

Ndiyo maana silaha nyingine zimeongezwa. Olaparibu huziba njia mojawapo ya seli ya kutengeneza DNA iliyoharibika. Seli ya saratani yenye kasoro katika jeni za BRCA imekwisha kupoteza njia nyingine, basi hufa. Jaribio lililotangazwa mwaka wa 2018 lilionyesha kwamba wanawake wenye kasoro hiyo, walipopewa olaparibu baada ya dawa za platini, uwezekano wa ugonjwa kuendelea au wa kufariki ulipungua kwa asilimia 70.

Hesabu hiyo hiyo yafundisha jambo moja zaidi: seli zikiwa chache, dawa hupata nafasi kubwa ya kushinda. Mwanamke ambaye tumbo lake limejaa au kuvimba kwa majuma kadhaa bila kupungua yampasa kumwona daktari mapema.